Kwa nini ndege inayopaa wima inasumbua kugeuza pua

Mabibi na mabwana, karibuni. Leo tunashughulika na mwendo mmoja tu: pua ya ndege kwenda kushoto au kulia wakati ndege imening'inia hewani. Kuinama mbele, nyuma na ubavuni tuliache, huko hakuna tabu kubwa. Mfano wetu ni droni yenye mabawa na mkia, uzito kilo 4, mota nne za kuinulia, propela za inchi 15, kila mota iko nusu mita kutoka kitovu cha uzito. Ikitulia hewani, kila mota inabeba takriban nyutoni 10.

Fundi aliyewahi kutoboa zege anaijua kani tunayoitegemea hapa. Drili ikinasa kwenye nondo, keekee inasimama na mkono wako ndio unaozungushwa. Propela nayo hukwaruzana na hewa muda wote. Ikizunguka kufuata saa, inausukuma mwili wa ndege kinyume cha saa. Ndiyo maana mbili za pembe kinzani huzunguka kufuata saa na mbili kinyume, ili misokoto ifutane. Ukitaka pua iende kulia, unaziongezea kasi zinazozunguka kinyume cha saa na kuzipunguzia zile nyingine. Ndege haipandi wala haishuki, inageuka tu.

Sasa shikeni kalamu. Kwa propela ya ukubwa huu, nyutoni 10 za kuinua huzaa msokoto wa karibu nyutoni-mita 0.24. Nyutoni 10 hizohizo, kwenye ncha ya mkono wa nusu mita, huinamisha ndege kwa nyutoni-mita 5. Ni mara ishirini! Kwa kuinama ndege ina misuli, kwa kugeuka inaomba. Hata tukizipeleka mota mbili hadi nyutoni 20 na kuzizima mbili, jambo ambalo hakuna mtu angelifanya, tunapata nyutoni-mita 0.96 basi.

Wekeni upepo. Tuseme pezi la mkia lina sentimita 20 kwa 30, na liko sentimita 80 nyuma ya kitovu cha uzito. Upepo wa ubavuni wa mita 4 kwa sekunde utalisukuma kwa nyutoni-mita 0.55 hivi. Tayari ni zaidi ya nusu ya akiba yote. Upepo ukifika mita 8, msukumo hauongezeki mara mbili bali mara nne, kwa hiyo unapita nyutoni-mita 2. Hapo hakuna mjadala, pua itakwenda upepo unakotaka.

Kompyuta ya ndege nayo ina vipaumbele vyake. Mota zikikaribia ukomo, inalinda kwanza kuinama, kwa sababu ndege iliyopinduka haina haja ya kujua pua yake iko wapi. Pua inapewa makombo. Kwenye ArduPilot, programu ya kuongozea droni, kuna kiasi kinachotengwa kwa kazi hii, Q_M_YAW_HEADROOM, na thamani yake ya kuanzia ni 200. Ndege ikiwa nzito kiasi kwamba inaning'inia kwa asilimia 75 ya nguvu, makombo yenyewe hayatoshi. Wengi hapo hukimbilia kuongeza namba za urekebishaji wa pua. Matokeo yake mota zinatetemeka, zinachemka, na pua bado inahama. Namba hazitengenezi kani ambayo haipo.

Kinachoongeza kani ni kuinamisha mota. Iinamishe kila mota nyuzi 3 kuzunguka mhimili wa mkono wake, nayo itasukuma pembeni kwa nyutoni 0.52. Zidisha kwa nusu mita, unapata 0.26, yaani msokoto wa kila mota umeongezeka zaidi ya mara mbili, na kani ya kuinua imepungua kwa asilimia 0.14 tu. Kwa mota yenye kitako cha milimita 25, hiyo ni kabari iliyozidi upande mmoja kwa milimita 1.3. Mnaichapisha kwa printa ya 3D asubuhi, mchana imefungwa. Ila angalieni upande: propela inayozunguka kufuata saa lazima isukume mkono wake kinyume cha saa. Ukiigeuza kabari, 0.26 inaimeza 0.24 na pua haitii kabisa, au inatii kinyume.

Hesabu hiyohiyo inaeleza ubovu unaotokea sana. Mikono ya bomba la mviringo hujizungusha ndani ya kibano baada ya kutua kwa kishindo. Mota moja ikipinda nyuzi 3 bila kutakiwa, ndege itailipia daima: jozi moja itapanda hadi karibu nyutoni 13, nyingine itashuka hadi 7. Dalili ni mota mbili za pembe kinzani kuwa moto kuliko wenzake. Rukeni dakika moja pasipo upepo, kisha linganisheni amri za jozi mbili kwenye kumbukumbu za safari. Zikiachana waziwazi, wekeni kipima pembe juu ya kila mota. Mimi ningetumia bomba la mraba tangu mwanzo.

Baada ya hayo, msishindane na upepo. Mashua iliyotia nanga hugeuza omo yenyewe kuelekea upepo, na droni inaweza kuruhusiwa kufanya hivyo kwa mpangilio wa ArduPilot uitwao Q_WVANE_ENABLE. Sharti uwanja uwe wazi pande zote, kwa sababu upepo hubadili upande. Kando ya Ziwa Victoria, mchana upepo hutoka ziwani, usiku hutoka nchi kavu.

Ndege kubwa zina njia zao. Osprey, yenye rota mbili kwenye ncha za mabawa, huinamisha rota moja mbele na nyingine nyuma. F-35B, ndege ya kivita, hupinda bomba lake la moshi kushoto na kulia. Harrier, nayo ya kivita, hupuliza hewa iliyobanwa kutoka kwenye kompresa ya injini, kupitia tundu la mkiani. Lakini Harrier ilikuwa na hatari ya ziada: injini ilimeza hewa nyingi mno mbele ya kitovu cha uzito, na ndege ikienda polepole kiubavu, hewa hiyo ilizidi kuivuta pua nje ya upepo. Bawa la upande wa upepo likainuka, na vipulizi vya kwenye ncha za mabawa vikashindwa kulirudisha. Kinga mojawapo ilikuwa kibao kidogo kinachofuata upepo, mbele ya kioo cha rubani, machoni pake.

Rubani wa droni hakai ndani, kwa hiyo kibao chake ni utepe mwepesi kwenye mlingoti wa mita 3 kando ya uwanja. Utazameni kabla ya kuanza kushuka, pua ikiwa bado inatii.