Mtoto Asiyekojoa Hasubiri Mashine

Wauguzi na waganga wenzangu, pamoja nanyi wazazi mliofika,

Nianze na maneno tunayoyatumia kila siku wodini. Tunasema mtoto anapelekwa "kusafishwa figo", na mzazi akisikia hivyo huamini kwamba figo zitatolewa uchafu kisha zirudi kazini. Kinachosafishwa ni damu. Figo zenyewe tunazishikia zamu tu, na kwa mtoto ambaye zimesimama ghafla kwa sababu ya kuharisha kupita kiasi, malaria kali au maambukizi yaliyoingia kwenye damu, mara nyingi huamka baada ya siku kadhaa au wiki chache, ilimradi mtoto avuke kipindi hicho akiwa hai.

Hapo ndipo tunapokwamishwa na mashine. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya mililita 800 hivi, ilhali mirija na kichujio cha mashine ya mtu mzima huweza kubeba mililita 150 hadi 250 kwa wakati mmoja. Ukimuunganisha hapo umemwondolea takriban moja ya tano ya damu yake, au zaidi, na presha yake huporomoka. Kwa hiyo tunapomwambia mzazi kwamba hatuna mashine ya watoto tunasema kweli, lakini si kweli kwamba hatuna tiba, kwa kuwa utando laini uliotanda ndani ya tumbo ni kichujio ambacho kila mtoto amezaliwa nacho.

Daktari huingiza mrija laini tumboni, kisha muuguzi hupitisha maji yenye sukari na chumvi yaliyopashwa hadi joto la mwili, kwa kuanzia mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito. Yakikaa kama nusu saa, uchafu wa damu huhamia humo, na sukari huvuta maji yaliyozidi mwilini. Ndipo hufunguliwa yateremke kwenye mfuko chini ya kitanda, na kazi huanza upya, usiku na mchana. Hospitali ya KCMC pale Moshi imetibu wagonjwa kwa njia hii. Mifuko ya kiwandani ikikosekana, miongozo ya kimataifa inaruhusu kuongeza mililita 30 za dekstrosi (sukari) ya asilimia 50 katika lita moja ya Ringa lakteti, yaani maji ya dripu yenye chumvi, kwa usafi usio na mzaha, kwani kila unapotoboa mfuko unawafungulia vijidudu mlango. Maji yakitoka na ukungu kiasi kwamba husomi maandishi yaliyo nyuma ya mfuko, yapelekwe maabara saa hiyo hiyo.

Linaloniuma ni kuchelewa. Nimepokea mtoto aliyekuwa amelazwa kwingine siku tatu, chati yake imejaa joto, mapigo ya moyo na dozi za dawa, na safu ya mkojo haina hata tarakimu moja. Mtoto wa kilo 10 anatarajiwa kutoa angalau mililita 10 kwa saa. Akishuka chini ya 5 kwa saa kadhaa mfululizo, ni dharura, hata kama anacheka. Mama aulizwe mtoto alikojoa lini mara ya mwisho, na kama ni wa kiume, mkojo wake unaruka au unadondoka, maana kuna wanaozaliwa na kizuizi kwenye njia ya mkojo ambacho huharibu figo kimyakimya.

Siku ya sita ya matibabu, mtoto mmoja wa miaka miwili aliilowesha kanga ya mama yake. Mama aliona haya, akainuka ili akaifue. Muuguzi wa zamu aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mizani pamoja na nyingine kavu iliyofanana nayo: tofauti ilikuwa gramu 40, yaani mililita 40 za mkojo, naye akaziandika kwenye safu yake. Jioni ile tulipunguza mizunguko ya kuingiza na kutoa maji tumboni, na siku ya tisa tuliutoa mrija.