Kukunja flatibaa ya alumini bila kuipasua: vishikizi vya gata kabla ya masika

Assalaam alaykum ndugu watizamaji. Karibuni tena kwenye banda langu hapa Wete, Pemba. Leo tunakunja flatibaa ya alumini, ule ukanda bapa mrefu, kwa mkono, bila mashine ya kukunjia, na tutatoka na kishikizi cha gata, yaani cha kubeba mfereji wa maji ya paa, kama hichi nilichokishika. Masika yanabisha hodi, na mwenye tangi nyumbani hataki maji ya paa yampotee hata ndoo moja.

Kwa nini alumini? Tizameni hichi cha pili. Ni cha chuma, nimekitoa jana kwenye paa la nyumba iliyopo karibu na pwani. Kimeliwa mpaka tundu ya skrubu imekuwa pana kama jicho, na ukikibana kwa vidole kinaachia magamba. Upepo wetu una chumvi, hauna simile na chuma. Alumini nayo hushambuliwa na chumvi, lakini hujifunika utando mwembamba unaoizuia isiendelee kuliwa namna hii. Tena ni nyepesi. Hichi cha alumini kina gramu 56 hivi, na cha chuma cha vipimo hivi hivi kinapita gramu 160.

Sasa kabla sijashika kitu, nikuonesheni kilichonifanya niitengeneze video hii. Nasogeza kamera. Hichi kipande kilichokatika nilikikunja mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza wa kufanya kazi hii. Niliibana flatibaa kwenye meno matupu ya jiliwa, kile kibanio cha mezani, nikaipiga nyundo ya chuma, ikatoka kona kali, safi, inapendeza. Nilivifunga vishikizi 12 nyumbani kwa mama. Masika ya pili, usiku wa mvua kubwa, vitatu vilikatika pale pale konani, gata ikalala upande, na asubuhi mama alikuta tangi halijafika hata nusu. Iliniuma sana. Nilipoviokota nikaona kwamba havikukatika usiku ule. Ufa ulikuwepo tangu siku niliyovikunja, mwembamba kama unywele, upande wa nje wa kona, na mimi sikuutafuta.

Flatibaa ikikunjwa, ngozi ya nje inavutika na ya ndani inabanwa. Kona ikiwa kali, ngozi ya nje inavutwa kuliko inavyoweza, inapasuka. Kwa hiyo leo kona zetu zote zitakuwa za mviringo. Kipimo ninachoanzia ni unene mara 3. Flatibaa yangu ina unene wa milimita 3, kwa hiyo nusu kipenyo ya mviringo wa ndani ni milimita 9. Alumini laini inakubali kona kali kuliko hiyo. Ile ngumu inaweza kutaka mara 4 au 5.

Hapo ndipo penye shida yetu, maana dukani ukiuliza hii ni alumini gani utajibiwa alumini ni alumini. Sivyo. Ipo ya aina ya 5052, inakunjika vizuri sana. Ipo 6063, ya madirisha na milango, hiyo ni ya wastani. Na ipo 6061 iliyokomazwa kwa joto, yenye alama ya T6, ina nguvu nyingi lakini haipendi kukunjwa. Kwa macho zote ni nyeupe, zinafanana. Kama haina alama, dawa yake ni moja: kata kipande cha sentimita 15, ujaribu hicho kwanza.

Nakata na msumeno wa chuma. Alumini inaziba meno ya msumeno, basi nausugua mshumaa kwenye utepe wake, mambo yanakwenda. Nikishakata naondoa makali yote kwa tupa, hasa kwenye kingo mbili za pale patakapokunjwa, na tupa naipeleka kwa urefu wa flatibaa, siikatishi. Mkwaruzo uliokatiza upana wa flatibaa pale konani ndio mwanzo wa ufa. Kwa sababu hiyo hiyo sichori mistari yangu kwa msumari. Nachora kwa kalamu ya maka, basi.

Hili pande la chuma ndilo kalibu yangu, yaani umbo ninalokunjia. Lina upana wa milimita 40, na ukingo wake mmoja nimeupiga tupa mpaka ukapata mviringo wa milimita 9. Nimeupimaje? Nilichukua washa yenye kipenyo cha milimita 18, nikaichora kwenye karatasi ngumu, nikakata robo ya duara, kisha nikawa nalinganisha. Uso wa juu wa pande nao nimeupa mteremko mdogo wa nyuzi 5 kuelekea nyuma. Kazi ya mteremko mtaiona punde.

Nalibana pande kwenye jiliwa, linatokeza juu ya meno kwa sentimita 7. Kipande cha majaribio nakisimamisha mbele yake, upande wa mviringo, nakibana kwa jiliwa chini na kwa klampu juu. Sasa nasukuma kwa kiganja, na nyuma ya kiganja kipo kipande cha ubao. Naukaza ubao karibu na kona, siushiki kwenye ncha. Ukisukuma ncha, flatibaa inajipinda kama upinde na kona haikai mahala pake. Nikihitaji kupiga, napiga huo ubao, kwa nyundo ya mpira. Taratibu. Mfululizo. Hapa sina haraka.

Haya, imelala. Naifungua. Mmeiona ilivyoruka nyuma? Nililaza mpaka nyuzi 95, na sasa skwea inanionesha 91. Alumini inajirudi, na ile ngumu inajirudi zaidi. Ndiyo kazi ya ule mteremko, kunipa nafasi ya kuipitiliza 90 ili ikirudi ikae sawa.

Sasa tizameni kwa karibu, hapa ndipo nilipokosea zamani. Naigeuza juani, upande wa nje wa kona. Napitisha ukucha kwa urefu wa flatibaa, nikiikatisha kona, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Ukucha unateleza, haukwami popote. Ngozi ni laini, imefifia kidogo tu. Ingekuwa imekunjamana kama ganda la chungwa, ningejua nimeufikia ukomo wake. Na ukucha ukikwama, hata kama jicho halioni kitu, ule ni ufa, na kipande hicho hakipandi paa la mtu.

Ikipasuka mfanye nini? Wengi watakwambieni washa gesi. Mimi nasema mviringo kwanza, moto baadaye. Chukueni kalibu yenye mviringo mpana zaidi, milimita 12 au 15, mjaribu tena. Mkishindwa kabisa, ndiyo twende kwenye moto, nitakuja huko. Yangu imekubali, basi natoka kwenye majaribio.

Vipimo. Gata yangu ni ya plastiki, ina upana wa milimita 100 na kimo cha 75, na kona zake za chini ni za mviringo, ndiyo maana inakaa vizuri kwenye kishikizi hichi. Nataka kishikizi chenye nafasi ya ndani ya milimita 102, mguu wa mbele wa 60 na mguu wa nyuma wa 120, nao napima kwa ndani. Lakini ukijumlisha 60 na 102 na 120 ukakata 282, kitatoka kirefu, kwa sababu mviringo unakata njia. Hesabu ya kila kona ni hii: chukua nusu kipenyo ya ndani, ongeza unene mara 0.4, zidisha kwa 1.57. Yaani 9 na 1.2 ni 10.2, mara 1.57 ni 16. Kila kona inakula milimita 16 za flatibaa.

Kwa hiyo, ukitoa 9 kila upande wa kona, mguu wa mbele ulionyooka ni 51, kona 16, kitako, yaani sehemu ya chini inayobeba gata, 84, kona 16, mguu wa nyuma 111. Jumla 278. Nachora mistari kuanzia ncha ya mbele: 51, 67, 151 na 167. Flatibaa ya mita 6 inanipa vishikizi 21, na nikiviweka kila sentimita 60 vinatosha ukingo wa paa wa mita 12. Ukibadilisha mviringo, hesabu nayo ibadilishe.

Kona ya kwanza ni ya mbele. Nabana upande wa kitako, mguu wa mbele ukiwa juu, na mstari wa 67 ndio unaoanzia mviringo. Jambo moja mlishike: mstari huu hauwi sawa na uso wa juu wa pande. Unakaa milimita 9 chini yake, maana hapo ndipo mviringo wa kalibu unapoanza. Kijana mmoja anayekuja kujifunza hapa aliweka mstari juu kabisa, vishikizi vyake vyote vikatoka na mguu wa mbele mrefu kupita kipimo. Nabana, nasukuma, napitiliza, nafungua, napima. Tayari.

Kona ya pili inataka akili zaidi, kwa sababu mguu wa mbele umeshasimama. Nabana mguu wa nyuma, mstari wa 167 milimita 9 chini ya uso wa juu. Kitako kikilala juu ya pande, mguu wa mbele utashuka upande wa pili kwa milimita 60. Mnaona sasa kwa nini nililiacha pande litokeze sentimita 7? Lingekuwa chini zaidi, mguu ungegonga jiliwa kabla kona haijakamilika. Nasukuma... unashuka... umepita. Naingiza kipande cha gata. Kinakaa, hakibani, hakichezi.

Nilisema nitarudi kwenye moto. Hili nataka mlisikilize vizuri. Alumini haionyi. Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, unajua ulipofika. Alumini inabaki nyeupe vile vile mpaka inadondoka. Ile safi inayeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, na 6061 inaanza kuyeyuka kwenye 582. Basi tunatumia sabuni ya mche. Sugua sabuni kavu pale patakapokunjwa, geuza, pasha moto upande wa pili, tochi ya gesi ikitembea wakati wote. Sabuni itakuwa ya kahawia, kisha nyeusi. Ikishakuwa nyeusi, ondoa moto hapo hapo. Acha ipoe kabisa, kisha kunja ikiwa baridi. Usiiguse eti kwa kuwa haioneshi kitu. Iliyotoka motoni na iliyolala tangu jana zinafanana. Miwani na glavu ni lazima.

Ila mjue mnacholipa. 6061 ya T6 ukiilainisha hivyo, uwezo wake wa kuhimili bila kupinda unashuka mpaka karibu moja ya tano. Nimepiga hesabu: gata hii ikijaa, kila mita inabeba lita 7.5, kwa hiyo kishikizi kwenye nafasi ya sentimita 60 kinabeba kilo 4 na nusu. Alumini iliyolainishwa, ya milimita 3, hapo inakuwa ukingoni kabisa mwa uwezo wake. Kama umetumia moto, vilete vishikizi karibu, kila sentimita 40, au nunua flatibaa ya milimita 5 na upime upya. Usilipuuze hili. Gata hujaa siku ile ile ambayo watu wanayahitaji maji.

Tundu natoboa kwa keekee, mbili, za milimita 5, kwenye mguu wa nyuma: moja milimita 12 kutoka ncha ya juu, ya pili milimita 30. Zote zinakuwa juu ya ukingo wa gata, kwa hiyo vichwa vya skrubu haviigusi. Tundu ya tatu ndogo naitoboa kwenye ncha ya mguu wa mbele. Hapo napitisha mshipi wa kuvulia mpaka kwenye skrubu ya nyuma, kusi ikivuma isiibebe gata. Jua hula mshipi, basi kila mwaka naubadilisha.

Skrubu tumieni za stenlesi, na chini ya kila kichwa washa ya plastiki. Madini mawili tofauti yakigusana penye maji ya chumvi, moja linaliwa, na hapa litakaloliwa ni alumini. Skrubu za shaba msizitie kabisa. Na kwa nyumba za mawe, msikizike kishikizi kwenye saruji au chokaa mbichi, nayo huila alumini. Kifungeni kwenye mbao.

Kwenye ukingo wa paa navuta uzi, nateremsha milimita 3 kila mita kuelekea kwenye tangi. Kwa mita 12 ni milimita 36 kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hichi cha kwanza nimeshakifunga kwenye ubao hapa bandani. Naning'iniza ndoo yenye lita 10 za maji katikati ya kitako, zaidi ya mara mbili ya mzigo wake. Naiacha mpaka adhuhuri. Nikirudi nitapima nafasi ya ndani tena, ikiwa bado ni 102 na ukucha haukwami, nakata vile 20 vilivyobaki.