Beta kwenye tangi la pamoja: anayetulia sana huenda anaona baridi

Ndugu zangu wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Mbeya, asanteni kwa kufika na baridi hii.

Mtu ananunua beta dume, anamtia kwenye tangi lenye samaki wengine, anamtazama siku tatu. Samaki yuko chini, mapezi kayakunja, hamfukuzi yeyote. Mwenye tangi anafurahi: wangu mpole. Baadaye anaweka hita, na wiki hiyohiyo mikia ya wenzake inaanza kuliwa. Ule haukuwa upole, ilikuwa baridi. Beta, ambaye wataalamu humwita Betta splendens, asili yake ni mashamba ya mpunga na vinamasi vya Thailand. Anataka nyuzi 24 hadi 28. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai chumba hupoa, maji nayo hukifuata. Samaki aliyepoa hali vizuri, hapigani, na kinga yake inashuka. Kwa hiyo usimpime tabia kabla maji hayajakaa kwenye nyuzi 26 wiki nzima.

Kwa tangi la lita 60, ambalo ndilo dogo kabisa ningelishauri kwa samaki mchanganyiko, chukua hita ya wati 100. Ya wati 50 inatosha Dar es Salaam. Huku itawaka usiku kucha bila kufikia joto. Kipimajoto kibandike upande wa mbali na hita. Ukitaka kubadilisha maji, chomoa hita na usubiri dakika 15, maana kioo chenye moto kikitoka majini hupasuka.

Mfuniko nao si pambo. Juu ya matamvua beta ana kiungo cha kuvutia hewa, ndiyo maana mnamwona akipanda juu kila mara. Hewa iliyo juu ya maji ikiwa baridi, inamdhuru. Funika, lakini acha kama sentimita 5 kati ya maji na mfuniko. Tena beta huruka.

Majirani je? Najua wengi mnawapenda mbuna wa miamba ya Ziwa Nyasa, na nawaelewa, ni wazuri mno. Ila msiwachanganye na beta kamwe. Mbuna wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, yenye pH (kipimo cha asidi ya maji) karibu na 8, na ni wababe. Beta anastarehe kwenye pH 6.5 hadi 7.5, na mapezi yake marefu yatachanwa siku ya kwanza. Gapi dume mwenye mkia mpana naye simshauri, beta humwona dume mwenzake. Gurami ni ndugu zake, watagombana. Wanaofaa ni koridora sita wanaokaa chini kwenye mchanga laini, au tetra wadogo wasiouma mapezi, kumi hivi. Wakiwa wachache mno, tetra hupoteza utulivu wa kundi na kuanza kumdonoa beta.

Beta aingie wa mwisho. Akitangulia, tangi zima huwa lake. Na asiingie kwenye tangi jipya: subirini wiki nne hadi sita bakteria wa filta waimarike, vipimo vya amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, visome sifuri.

Siku ya kumhamisha, zima taa. Mfuko uelee dakika 20 ili joto lilingane, ufungue, kisha ongeza kikombe kidogo cha kahawa cha maji ya tangi kila dakika 5, kwa dakika 40 hivi. Mchote kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje. Lakini akiwa amesafiri kwa basi siku nzima ndani ya mfuko, usirefushe hivyo. Amonia imejaa humo, na ukifungua, hewa ya kaboni inatoka, pH inapanda, na amonia hiyo inageuka sumu kali. Linganisha joto mfuko ukiwa umefungwa, fungua, mchote mara moja.

Muweke kwanza kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu, kinachoelea tangini, siku mbili. Akitanua mashavu sekunde chache akaacha, huko ni kujitambulisha tu. Baada ya kumwachia, tazama wakati wa chakula. Wenzake wakibaki mafichoni wasile, mtoe jioni hiyohiyo, hivyo chombo chake cha pembeni kiwe tayari chenye hita.

Mmoja ameuliza kuhusu umeme kukatika usiku. Lizungushie tangi blanketi pande zote, juu acha upenyo wa hewa, na uweke chupa mbili za maji ya uvuguvugu zilizofungwa vizuri zielee humo. Msimimine maji ya moto tangini. Umeme ukirudi, acheni hita ipandishe joto yenyewe, na chakula kisubiri hadi maji yarudi nyuzi 24.