Mombasa mpaka New York ni masaa mangapi? Haya, leo nawajibu

Asalaam aleikum wapendwa, hamjambo huko nyumbani. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, sijalala, lakini nimesema nikae hapa jikoni nilijibu hili swali, maana kila video nikiweka, hata ile ya biriani, lazima mtu aulize: dada, kutoka huku mpaka huko ni masaa mangapi? Nikijibu naambiwa naringa, nisipojibu naambiwa nishakuwa mzungu. Basi sikizeni.

Ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja, Nairobi mpaka New York, ni kama masaa 15. Kurudi ni kama 14, sababu upepo wa huko juu unatoka magharibi, ukirudi unaisukuma ndege. Ni karibu kilomita 11,800. Safari hiyo ilianza Oktoba 2018, zamani ilikuwa lazima ubadilishe ndege njiani, kama Ulaya au Uarabuni. Yaondoka usiku na inaelekea magharibi, kwa hivyo ni giza karibu njia nzima. Bibi mmoja niliyekaa naye alinishika mkono mara tatu, mwanangu, alfajiri bado haijaingia?

Lakini hiyo ni Nairobi, na mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Kuna matatu mpaka Miritini, treni ya SGR mpaka Nairobi masaa kama matano, kisha teksi ya kutoka Syokimau, kisha kukaa eapoti masaa matatu. Mlango wa mama mpaka mlango wangu hesabu siku nzima na zaidi.

Pesa sasa. Disemba iliyopita nililipa zaidi ya dola elfu mbili, kwenda na kurudi. Silalamiki, nasema tu, kwa sababu kuna mtu aliandika eti mbona siji kila Idi. Na msikimbilie rahisi. Wakala mmoja aliniuzia tiketi mbili mbalimbali akaniambia ni safari moja, nafika Ulaya naambiwa nitoke nje nikachukue mabegi niyapeleke upya kaunta, natokaje na sina viza ya hapo? Nilinunua tiketi nyengine hapo hapo, na pesa zangu hakurudisha mpaka leo.

Na yule aliyeandika kuwa sikuja kumzika babangu, wewe nakujibu wewe. Baba alifariki saa kumi na mbili asubuhi, huku ilikuwa saa tano ya usiku. Baada ya alasiri ashazikwa, wajua sisi hatuweki maiti. Ni masaa kumi hayo. Ningekuwa nishapanda ndege simu inapoingia, bado ningekuwa angani. Na kupanda kwenyewe singeweza, ombi langu la green card, ile ruhusa ya kuishi Marekani, lilikuwa halijajibiwa, na kwa hali yangu nikitoka bila kibali cha kusafiri wangehesabu nimeliacha. Shangazi aliweka simu dirishani nikasikia jeneza likitolewa, nimekaa kiti hiki hiki.

Sasa mambo ya karatasi kila mtu na yake, usifuate yangu, uliza wakili wako. Ila kama unasubiri na wazazi wako ni watu wazima, ombeni hicho kibali mapema. Changu nilikiomba wiki ya arubaini ya Baba, kikaja baada ya miezi mitano.