Looty: Mbwa Aliyeitwa Ngawira

Mabibi na mabwana, kila ninapoalikwa kuzungumza juu ya mbwa wadogo wa aina ya Pekingese, huulizwa kwanza habari za manyoya yao, nami huwaomba wasikilizaji tuanzie kwenye jina moja: Looty. Ndilo jina alilopewa mbwa ambaye Kapteni John Hart Dunne wa jeshi la Uingereza alimchukua katika Kasri la Kiangazi, nje ya Beijing, mnamo Oktoba 1860, kisha akamtunuku Malkia Victoria. Jina hilo latokana na neno "loot", ambalo Waingereza walilitwaa kutoka Kihindi, lenye maana ya mali iliyoporwa. Kwa lugha yetu, mbwa huyo aliitwa Ngawira, tena hadharani, bila mtu kuona haya.

Wafugaji wengi husema kwamba mbwa hawa "waliwasili" Uingereza, na neno hilo linanikera, kwa sababu linafunika vita nzima ya Kasumba, ambayo Uingereza na Ufaransa zilipigana na China. Walikuwa mbwa wa kasri, waliolelewa humo vizazi kwa vizazi, baadhi yao wadogo kiasi cha kubebwa ndani ya mikono mipana ya majoho, na Mfalme Xianfeng wa China aliyewamiliki alikuwa amekwisha kukimbia mji. Najua yuko atakayesema kwamba wasingechukuliwa wangeteketea, kwa kuwa kasri lilitiwa moto tarehe 18 Oktoba. Huyo namjibu kwamba uporaji ulitangulia moto kwa siku kadhaa, na kwamba moto wenyewe uliamriwa na Lord Elgin, mjumbe wa Uingereza, kulipiza kisasi cha mateka waliofia mikononi mwa Wachina. Jeshi lililobeba mbwa ndilo lililoshika kiberiti. Shukrani inayodaiwa hapo ni ya nini?

Nilikusudia kueleza kwa urefu habari za pua, ambazo zikibapa humpa mbwa shida ya kupumua, lakini muda umenibana. Itazameni picha ya Looty aliyoichora Friedrich Keyl mwaka 1861, mlinganishe pua yake na nyuso zilizobapa za leo, kisha mkumbuke kwamba katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, huko Uingereza, ya mwaka 2012 mshindi wa aina hii alizuiwa kuendelea baada ya kukaguliwa na daktari wa mifugo.

Looty alikufa mwaka 1872. Picha yake ingali katika hazina ya sanaa ya kifalme, na jina lake ni lilelile.