Maseneta 41 na Viti 41

Nimeulizwa tena hapo mlangoni: "Mwalimu, Seneti ya Kenya ni ya nini, si inakula hela zetu tu?" Haya. Kabla ya hela, tuanze na 1966.

Katiba ya uhuru ilitupa mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na majimbo ya uchaguzi 117. Seneti ilikuwa na watu 41, mmoja kwa kila wilaya, na Nairobi wake. Kazi yake ilikuwa kulinda ile serikali ya majimbo, yaani mikoa yenye mamlaka yake, waliyoipigania chama cha upinzani, KADU. Mwisho wa 1964 KADU wakajivunja, wakahamia KANU, chama tawala, na Seneti ikabaki kama askari wa lango ambaye wenye nyumba wameshahama. Miaka miwili baadaye ukaja mswada wa kuyaunganisha mabaraza. Unadhani maseneta waliukataa? Waliupitisha! Msicheke, fanyeni hesabu. Majimbo ya uchaguzi yalipanda kutoka 117 hadi 158. Toeni. Arubaini na moja! Kila seneta na kiti chake. Wilaya ndizo zilizotoka mikono mitupu, na zilikaa hivyo hadi katiba ya 2010 ilipoirudisha Seneti, safari hii kwa kaunti.

Maana baraza moja huhesabu vichwa. Leo katika Bunge la Kitaifa Nairobi ina majimbo ya uchaguzi 17, Lamu mawili. Wakipigana, nani atashinda? Lakini Seneti ikipigia kura jambo la kaunti, Lamu ni kura moja, Nairobi ni kura moja. Tofauti ninayoisema kila siku ndiyo hiyo.

Mtaniambia, mbona Tanzania wana Bunge moja na mambo yanakwenda? Sawa, na wao hawana kaunti za kugawana fedha kwa katiba. Wala msinitajie Baraza la Wawakilishi la Zanzibar; hilo linatunga sheria za mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano, haliketi kuipitia upya miswada ya Bunge la Muungano kule Dodoma.

Sasa hela. Mwaka 2019 Bunge la Kitaifa lilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 310, Seneti ikasema 335. Wakavutana miezi, kaunti zikakauka, mwishowe ikawa 316.5. Mnaona kidogo? Hizo sita na nusu, bila Seneti nani angezidai?

Nilitaka pia kugusa kesi ya 2024 ya kumwondoa Naibu Rais Gachagua, baraza moja likishtaki kwa hoja 11 na la pili likithibitisha tano, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, maswali. Ila si lile la mlangoni.