Kimejitokeza, lakini kimetoka wapi?

Asanteni. Mada ni vitenzi vya Kijapani vya kusema kitu kimejitokeza, na vitenzi saa za alasiri hulaza watu, kwa hiyo naanza na kitambi.

Mjapani akimwona mwenye kitambi husema hara ga dete iru, tumbo limetoka. Deru, "kutoka", basi. Kitovu kilichojitokeza ni debeso, meno ya mbele yaliyotokeza ni deppa. Kwa mwili, deru mara nyingi inatosha.

Tatizo linaanza pale kamusi inapokupa tsukideru, nayo pia "kujitokeza", nawe ukaibandika kwenye kila kitu, hata shati. Tsuku ni kuchoma kwa ncha. Kitu chenyewe kiwe kimeelekea mahali, kama kinachoma hewa au maji: mwamba, bomba, au rasi ya Noto ilivyoingia Bahari ya Japani. Na mkiiweka mbele ya nomino, semeni tsukideta, umbo la wakati uliopita, ingawa rasi iko palepale. Msishangae, sisi pia tunasema "jino lililojitokeza", na jino bado lipo.

Shati lililochomoka kwenye suruali ni hamideru. Hapa usitazame shati, tazama mpaka. Nyama iliyopita ukingo wa mkate, herufi zilizotoka nje ya kisanduku, gari lililoegeshwa nje ya mstari. Hata sheria za barabarani za Japani zinatumia ndugu wa neno hili: penye katazo la hamidashi, huruhusiwi kuvuka mstari wa katikati ili kulipita gari la mbele. Kama hakuna mpaka, hamideru haina kazi.

Tobideru ina kuruka ndani yake. Msumari uliotokeza ubaoni haukuruka popote, ila anayeukuta kwa kidole anajua kwa nini neno ni hilo. Ndugu yake, tobidasu, yumo kwenye vitabu vya watoto ambavyo ukifungua ukurasa picha zinasimama, na kwenye mabango ya tobidashi chūi: dereva, angalia, mtoto anaweza kuchomoka ghafla.

Depparu nitaipitia haraka: ni uvimbe wa kitu chenyewe, kama nguzo iliyobenuka ukutani.

Methali mnaisubiri, najua. Deru kui wa utareru, kinachotokeza kuliko vingine hupigwa. Mitandaoni husemwa kwamba ni msumari unaopigwa nyundo. Si msumari; msumari ni kugi. Kui ni kigingi, mti unaopigiliwa ardhini. Vigingi vimepangwa safu, kimoja kimezidi vingine kimo. Hakijachoma, hakijaruka. Ndiyo maana ni deru tupu.

Imebaki haridasu, kutanda kuelekea nje. Watabiri wa hewa huitumia kila majira ya baridi, mgandamizo mkubwa wa hewa wa Siberia unapotanuka kuelekea Japani. Matawi pia hutanda hivyo. Mti wa jirani ukivuka ukuta, anayeusifia atasema umefanya haridasu. Anayefagia majani yake kila asubuhi atasema hamideru. Kifungu cha 233 cha Sheria ya Kiraia ya Japani hakitumii hata kimoja, kinasema koeru, kuvuka. Mizizi unaruhusiwa kuikata mwenyewe. Matawi, hadi leo, kwanza umwambie mwenye mti ayakate. Ila tangu Aprili 2023, akipuuza kwa muda wa kutosha, unaweza kuchukua msumeno.

Karibuni maswali.